Timbo Lililoachwa na Mfuko Mwepesi: Ulifukie, Upande Mvinje, Ufuge Samaki au Uliache?

Ukitoka Shanzu kuelekea Mtwapa, au ukivuka Likoni ukashika njia ya Tiwi, hukosi kuyaona: mashimo yaliyotolewa mawe ya kujengea, kuta zimesimama wima, chini sakafu nyeupe ya matumbawe inayoumiza macho saa saba za mchana. Mawe yameuzwa zamani, wachongaji wamehamia kwingine, na mwenye shamba amebakiwa na timbo. Mara nyingi si tajiri. Ni familia iliyorithi ekari moja, kikundi cha akina mama walioazimwa mahali, au msikiti ulioachiwa wakfu ardhi ambayo hakuna aliyeitaka. Ulinganisho huu ni wao. Mwenye uwezo wa kukodi tingatinga na mhandisi atashauriwa na huyo mhandisi.

Njia zinazozungumzwa ni nne: kufukia, kupanda miti (hasa mvinje, ule mti wa ufukweni), kufuga samaki, na kuacha mahali pajiponye penyewe. Nitazipima kwa mambo matatu: fedha inayotoka mwanzoni, muda wa kusubiri, na kinachoweza kuharibika. Msimamo wangu nautoa mapema ili asiyeukubali abishane nao njiani. Kwa timbo kavu na mfuko mwepesi, mvinje unazishinda zote. Kwa timbo lenye maji, samaki wanafaa kufikiriwa, ila kwa kiasi. Kufukia ndiko kunakopendwa kuliko njia zote, na ndiko kunakofilisi watu.

Hesabu ya malori

Neno la kwanza la wenye timbo huwa "tufukie, tukate ploti". Halina ubaya; ardhi ya Mombasa ina bei, na shimo halina. Lakini shika kalamu. Ekari moja ni mita za mraba 4,047, kwa hiyo robo ekari ni kama 1,000. Ikiwa timbo lina kina cha mita 4, linameza mita za ujazo 4,000. Tipa linalobeba mita za ujazo 10 litakuja mara 400. Uliza bei ya safari moja ya kifusi mtaani kwenu, zidisha kwa 400, kisha keti.

Na hapo hujamaliza. Kifusi kilichomwagwa bila kushindiliwa tabaka kwa tabaka hubonyea. Masika moja mbili zikipita utaona mabonde, utaita malori tena. Anayenunua ploti juu ya kifusi cha mita 4 na kujenga nyumba ya mawe bila kuchimba msingi mpaka mwamba anajitafutia nyufa, na nyufa zikitokea atakuja kumtafuta aliyemuuzia.

Robo ekari hiyo hiyo, ukipanda mvinje kwa nafasi ya mita 2 kwa mita 2, inataka miche 250. Safari 400 za lori kwa upande mmoja, miche 250 kwa upande wa pili.

Kufukia kuna mahali pake, sikatai. Timbo likiwa dogo, likiwa katikati ya nyumba, au ukuta wake ukiwa umekaribia msingi wa jirani au barabara, huna la kuchagua: sehemu ile lazima ijazwe, walau ukingo. Pia kuna bahati ya udongo wa bure. Anayechimba msingi wa ghorofa Nyali hutafuta pa kumwaga udongo, na pengine atakuletea bila malipo kwa kuwa kwako ni karibu. Hapo simama langoni mwenyewe. Udongo na mawe, karibu. Mbao zenye rangi, plastiki, vipande vya dari na taka za jikoni, arudi navyo alikotoka.

Sababu si usafi tu. Mwamba wa matumbawe una vitundu, maji hupita ndani yake upesi, na watu wa bara kaskazini na bara kusini wengi wanategemea visima. Unachokizika leo kitanyweka mtaa wa pili. Walioishi Mombasa enzi za jaa la Kibarani, pale kando ya njia ya Makupa, wanajua ni jambo gani kuishi na moshi wa taka, na wanajua kazi iliyohitajika kupageuza. Isitoshe, kugeuza timbo kuwa jaa bila leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira, ni kosa, na mwenye kushtakiwa ni mwenye ardhi aliyepokea sawa na mwenye lori aliyeleta.

Mvinje: kilichofanyika Bamburi, na ambacho hukisikii

Kila mtu Mombasa amepelekwa na shule Haller Park, hifadhi ya wanyama pale Bamburi. Wengi wanakumbuka twiga, na kiboko Owen aliyeokolewa baada ya tsunami ya Desemba 2004 akamfanya kobe Mzee mamake. Wachache wanakumbuka kwamba pale palikuwa timbo la kiwanda cha saruji. Kiwanda kilianza kuchimba mawe mwaka 1954. Mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, René Haller, alifika Bamburi 1959, na mwaka 1971 akapewa kazi ya kurudisha uhai kwenye sakafu ile tupu. Alijaribu aina 26 za miti. Tatu ndizo zilizosimama: mvinje, mnazi, na mdamasi kutoka upande wa Somalia.

Kwa mwenye mfuko mwepesi, hapo ndipo penye somo kubwa kuliko twiga wote. Miti mingi mizuri, yenye sifa zake shambani, ilikufa. Jua linapiga kutoka juu, mwamba mweupe unalirudisha kutoka chini, maji yaliyo karibu yana chumvi, udongo hakuna. Mvinje ulivumilia kwa sababu umezoea ufukwe, na kwa sababu mizizi yake ina vinundu vyenye bakteria wanaoishi nao kwa kusaidiana, wanaonasa nitrojeni ya hewani na kuufanya mti ujitafutie mbolea pasipo na udongo.

Lakini bakteria hao hawamo kwenye timbo. Lazima wapelekwe. Kazi yenyewe ni rahisi mno kiasi kwamba watu huidharau: chota udongo chini ya mvinje mzee, ule wenye vijizizi, uchanganye kwenye mifuko ya miche, gao kwa gao. Miche isiyopata udongo huo hukaa imedumaa, rangi ya manjano, na mwenye timbo husema mti haufai.

Jambo la pili linalosahaulika ni majani. Mvinje huangusha vijiti vyembamba vyenye tanini nyingi, haviozi upesi, vinalala kama zulia na chini yake hakioti kitu. Bamburi walikwama hapo mpaka walipoona majongoo wenye miguu myekundu wakivitafuna. Wakakusanywa, wakaachiwa msituni, na kinyesi chao kikawa udongo wa kwanza mweusi juu ya mwamba ule. Wahenga walisema mtupa jongoo hutupa na mti wake. Pale Bamburi ilibidi jongoo atafutwe ili miti ipate pa kusimama. Wewe pia utawapata bure wakati wa mvua, kwenye vichaka na chini ya mikorosho. Wapeleke mwaka wa pili au wa tatu, majani yakishakuwa mazito. Ukiwapeleka mapema watakufa kwa jua.

Gharama yako halisi basi ni nini? Miche, ambayo unaweza kuotesha mwenyewe au kununua kwa taasisi ya utafiti wa misitu, KEFRI, kituo chao cha Gede. Mtaimbo na sululu za kutoboa mashimo. Karai kadhaa za udongo na samadi kwa kila shimo. Uzio wa kuzuia mbuzi, ambao nauweka kwenye fungu la lazima, maana mbuzi wawili kwa alasiri moja hula bajeti yako yote. Na maji ya kumwagilia kiangazi cha kwanza. Panda mvua za masika zinapoanza, mwishoni mwa Machi au Aprili. Anayepanda vuli huingia Januari na miche michanga na upepo wa kaskazi haumhurumii.

Muda wa kusubiri si mfupi. Kwenye mchanga mzuri mvinje hurefuka mita 2 kwa mwaka. Kwenye sakafu ya timbo tarajia pungufu. Nguzo za kushikilia mbao za zege huanza kupatikana baada ya miaka minne au mitano, na soko lake Mombasa lipo madhali watu wanamwaga slabu. Hasara yake: mvinje huu wetu ukikatwa hauchipui vizuri, kwa hiyo kila nguzo inayotoka idai mche unaoingia. Unaogopa moto pia. Na ukiuacha peke yake miaka yote utakuwa na msitu wa mti mmoja, kimya, hauna ndege wengi. Kivuli kikishapatikana, ingiza mikwaju, mibambakofi, chochote cha asili kinachoota jirani.

Sasa onyo kwa vikundi vinavyoandika mapendekezo ya kuomba ufadhili. Msitu wa Bamburi ulibebwa na kampuni yenye kiwanda, wafanyakazi wa mshahara na subira ya miongo. Walianza kupanda 1971, umma ukafunguliwa milango 1984. Igeni mvinje na jongoo, achaneni na hesabu ya tiketi za watalii. Timbo la robo ekari halitalisha twiga.

Samaki: maji yanaamua, si wewe

Matimbo mengine yamechimbwa mpaka maji yakachungulia. Hapo watu huona bwawa la bure. Bwawa si la bure, ila shimo ndilo la bure.

Kwanza, ujue maji hayo ni ya namna gani. Pwani yetu maji matamu huelea juu ya maji ya chumvi ndani ya mwamba. Ukivuta mengi kwa pampu, ya chumvi hupanda. Pima mara mbili, mwisho wa kiangazi na baada ya masika, maana timbo lenye maji ya kiunoni mwezi Juni laweza kuwa tope Februari. Peleka chupa mbili kwenye taasisi ya utafiti wa bahari, KMFRI, pale Mkomani, wakusomee chumvi. Chumvi ikiwa kidogo, tilapia wa kawaida wataishi. Ikizidi, mfikirie mwatiko, samaki anayestahimili maji ya chumvi na matamu vilevile, na ambaye vikundi vya mwambao vimekuwa vikimfuga kwenye mabwawa ya chumvi. Watu wanamjua na ni mtamu, ingawa ana miiba mingi. Vifaranga vyake lakini hukusanywa baharini kwa msimu, havipatikani wakati wowote ukitaka.

Pili, uvunaji. Vitabu vya ufugaji vinakwambia utoe maji bwawani, uvue, ukaushe, uanze upya. Timbo linalopata maji kutoka mwambani halikauki kwa kutoa maji. Yatarudi usiku huo huo. Na sakafu ina meno, nyavu hukwama na kuchanika. Dawa ni vizimba vya wavu vinavyoning'inia ndani ya maji, ambavyo pia vinakupa hesabu ya samaki wako na kupunguza kazi ya kenge. Timbo kavu likitaka kuwa bwawa lazima liwekwe laina ya plastiki, maana matumbawe hayashiki maji, na laina ikitobolewa na jiwe moja umerudi ulikoanza.

Tatu, chakula. Serikali ilipoanzisha mabwawa ya wakulima mwaka 2009, kipimo kilichosambaa kilikuwa bwawa la mita za mraba 300 na vifaranga 1,000. Hapo vifaranga si tatizo. Zaidi ya nusu ya gharama za mfugaji huenda kwenye chakula, kila siku, kwa miezi sita mpaka minane, kabla hajauza hata mmoja. Mvinje ukikosa fedha mwezi mmoja utasubiri. Samaki hawasubiri. Hii kwangu ndiyo tofauti kubwa kati ya njia hizi mbili, kuliko hata faida. Kikundi chenye fedha za mkupuo mmoja na kisicho na kipato cha kila mwezi kisianzie kwenye samaki.

Nne, soko, na hapa niseme bila kupepesa: mlaji wa Kisauni aliyekulia kwenye changu na tafi atakwambia tilapia ananuka tope. Wanunuzi wapo, hasa watu wa bara wanaoishi mjini, lakini tafuta mnunuzi kabla ya kifaranga.

Hata usipofuga kwa biashara, maji yakiwepo weka tilapia wachache. Wanakula viluwiluwi vya mbu, na majirani watakushukuru.

Kuacha

Kuacha kabisa, bila hata senti, ni kuwapa wengine timbo lako. Malori yatamwaga taka usiku, watoto wataogelea mvua zikijaa, na kila mwaka matimbo yenye maji huua watoto. Kuacha kunakofaa kuna gharama mbili ndogo: kuziba njia ya lori kwa mawe makubwa au mtaro, na kuzungusha ua wa mkonge mita kadhaa nyuma ya ukingo, maana ukingo wa matumbawe humeguka. Baada ya hapo majani na vichaka vitakuja, polepole sana. Ni uamuzi wa heshima kwa anayengoja fedha, mradi ajue kwamba anangoja.

Na mashimo ya makaa ya mawe?

Swali hili huja kutoka kwa ndugu zetu wa Tanzania, upande wa Kiwira na Ngaka, ambako makaa yanachimbwa. Kenya yaliyo bonde la Mui, Kitui, bado yako ardhini, na Mombasa tunayaona bandarini tu yakipita kwenda viwandani. Je, yaliyofanyika Bamburi yanahamishika?

Orodha ya miti, hapana. Ugonjwa ni mwingine. Mwamba wetu ni wa chokaa. Mabaki ya makaa ya mawe mara nyingi yana madini ya chuma na salfa, ambayo yakikutana na hewa na maji hutoa asidi ya salfa. Maji yanatoka na rangi ya kutu, samaki wanakufa mtoni, na mche hauna pa kuanzia. Kwa hiyo fedha ya kwanza pale haiendi kwenye miche. Inakwenda kwenye kupima asidi, kuyaelekeza maji ya mvua yasipite kwenye marundo, na kutia chokaa. Mawe yanayotuunguza sisi huku ndiyo dawa kule: mitaro iliyojazwa mawe ya chokaa, ikifuatiwa na vidimbwi vya matete, ni njia ya bei nafuu inayotumika kupunguza asidi pasipo na fedha za mtambo. Na kama uchimbaji ulikuwa wa mashimo ya chini kwa chini, kuna gesi, kuna kuporomoka, kuna moto unaoweza kuwaka ndani miaka mingi. Humo kikundi cha kijiji hakiingii. Kazi yake ni kuzuia watu na kuita serikali.

Kinachohamishika ni mwendo: jaribu aina nyingi kwenye vipande vidogo, uone zipi zitabaki, ndipo ununue kwa wingi. Na kutoka kwa wachimba makaa kuna moja la kurudi nalo Mombasa. Marekani, baada ya sheria ya mwaka 1977 kuwalazimisha wachimbaji kurejesha ardhi, maeneo ya makaa kwenye milima ya Appalachia yalisawazishwa kwa mashine nzito mpaka yakawa laini na magumu. Nyasi zikaota, miti ikagoma. Wataalamu wakaja kushauri kinyume: udongo wa juu uachwe umelegea, kina cha kama mita 1.2, hata kama sura yake haipendezi. Basi ukiwa na fedha ya kukodi mashine siku moja, usiitumie kulainisha sakafu. Itumie kuipasua. Malori ya mawe yaliipondaponda miaka yote hiyo, na mzizi hauna mtaimbo.

Kabla ya shilingi ya kwanza

Uliza nani alichimba na kwa kibali gani. Sheria ya Madini ya 2016 inamtaka mchimbaji mwenye kibali arejeshe mahali, na chini ya sheria ya mazingira ya 1999 NEMA inaweza kutoa amri ya kurejesha mazingira kwa aliyeyaharibu. Matimbo mengi madogo yalichimbwa kwa makubaliano ya mdomo na hapo hutapata kitu, lakini barua moja haina gharama, na mchimbaji ambaye bado anafanya kazi jirani anaweza kukubali kukupasulia sakafu kwa mashine yake kuliko kuitwa ofisini.

Ukishajua hilo, mgawo wangu kwa timbo kavu la robo ekari ni huu. Fedha ya kwanza iende kwenye uzio na kuziba njia. Ya pili kwenye kuvunja mashimo ya miche. Miche yenyewe ije ya tatu, na usinunue 250 kwa mpigo: nunua 80, upande kona yenye kivuli cha ukuta alasiri, uone mingapi itavuka Machi inayofuata. Agiza kabla ya Februari, na ukienda kuichukua, omba pia mifuko miwili ya udongo kutoka chini ya mivinje mikubwa.